Nondo Katika Unga wa Sadaka

Uandamapo mwezi wa Rajabu majumba mengi huku pwani huanza kujiwekea akiba ya Ramadhani. Mwenye nafasi hununua gunia zima, na asiye nayo hununua kibaba leo na kibaba kesho: unga wa ngano, mchele, tambi, tende, njugu na kunde. Vitu hivi hupangwa ghalani au chini ya kitanda, mlango ukafungwa, na mama wa nyumba akapumua. Hata ifikapo siku ya kufungua, mkono ulioingia katika unga hutoka na utando mwembamba kama wa buibui, na ndani ya utando ule wamo viwavi weupe wanaojinyonganyonga, na juu darini wamekaa vipepeo wadogo wa rangi ya kijivu, wametulia kana kwamba nyumba ni yao.

Vipepeo hawa ndio nondo. Twataka leo kuwaeleza habari zao, hasa habari ya pua yao, ijapokuwa pua hawana. Na pia kueleza jinsi walivyotutia sisi wenyewe katika kosa lililomuumiza mtu asiye na hatia. Tungependa kuzieleza habari hizi mbili mbali mbali, lakini hazitengeki.

Sisi twasomesha chuo kidogo cha Qur'ani mjini Tanga, na kazi hii tumeifanya tangu ujana wetu. Masomo yetu ya skuli yalikoma darasa la saba. Kwa hiyo yale ya sayansi mtakayoyasoma hapa tumeyapata kwa kuuliza na kusomewa na watu waliosoma kutupita, na baadhi yao ni wanafunzi wetu wa jana. Nyuma ya chuo pana chumba kisicho na dirisha ila tundu moja la hewa, na ndimo tunamoweka vyakula vya sadaka viletwavyo na majirani kwa ajili ya kuwafuturisha watoto wa chuo, mayatima na wapita njia.

Mwaka 2019 Ramadhani iliingia mwezi wa Mei, wakati masika yameshika na hewa ya mji ni ya joto na unyevu. Wiki tano kabla yake mama mmoja mjane wa mtaa wetu, ambaye hupika vitumbua na kuviuza barazani kwake, alituletea gunia la unga wa ngano la kilo 25. Kila mwaka huleta, na hajapata kutaka jina lake litajwe, nasi hatutalitaja. Tulilipokea, tukamwombea dua, tukaliweka ghalani. Upande mmoja palikuwa na kikapu cha tende kilicho wazi. Upande wa pili palikuwa na debe la unga uliobaki mwaka uliopita, ambalo kifuniko chake kilikuwa kimepotea siku nyingi, na sisi tulikuwa tumelifunika gazeti.

Siku chache kabla ya mwezi kuandama tulimtuma kijana mmoja akachote unga wa kufanyia maandazi. Alirudi na bakuli, uso umemkunjana. Unga ulikuwa umeshikana mabonge kwa utando, na viwavi wamo. Mkekani walikuwapo wanafunzi wapatao thelathini, na mzee mmoja wa msikiti alikuwa amekuja kutuzuru. Sisi tukasema, tena kwa sauti ya kusikiwa: "Mtu akitoa kwa ajili ya Mungu, atoe kilicho kizuri, asitoe alichokwisha kukikataa mwenyewe." Hatukutaja jina. Lakini nani asiyejua gunia lile limetoka kwa nani?

Na wiki ile ile, wallahi, tulikuwa tukiwafasiria wanafunzi wakubwa Suratul-Hujurat, na tulikuwa tumekwisha kupita mahali panapokatazwa dhana.

Maneno ya chuoni hurudi majumbani pamoja na watoto. Kabla ya Alasiri yalikuwa yamekwisha kumfikia. Baada ya sala ya Magharibi alikuja, amejitanda kanga yake, na nyuma yake kijana wa mkokoteni ameleta gunia jingine, jipya. Hakutukana wala hakulia. Aliweka mkekani kipande cha karatasi, kumbe ni risiti ya lile gunia la kwanza, ina tarehe na jina la duka, akasema, "Maalim, niliununua siku ile ile niliyouleta." Kisha akaenda zake. Afadhali angetutukana.

Hata hivyo nafsi ya mwanadamu ni kaidi. Usiku ule tulijiambia kwamba basi kosa ni la mwenye duka, na tukalala tumekwisha kuyapanga maneno ya kwenda kumgombeza asubuhi.

Aliyetuokoa na kosa la pili ni kijana mmoja tuliyemsomesha zamani juzuu ya Amma, ambaye sasa kazi yake ni kukagua maghala ya nafaka. Alikuja asubuhi ile kutuamkia kabla ya mfungo. Tulipomweleza hakusema kitu. Alirudi baada ya sala ya Isha na kurunzi, akaingia ghalani, akakaa humo muda, nasi twamngoja mlangoni. Kisha akatuita.

Kwanza alilipasua gunia la yule mama chini badala ya kulifungua juu. Unga wa chini ulikuwa safi kama siku uliposagwa. Utando ulikuwa mdomoni mwa gunia na kando ya mshono tu. "Maalim," akasema, "hii peke yake haitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu viwavi hupenda juu. Tazama na hili." Akaliinamisha debe letu la mwaka uliopita, na ule unga haukumwagika; ulikuwa umeshonwa wote kwa utando, umekuwa kama mkate. Kisha akaelekeza mwanga juu, penye pembe za boriti na katika mikunjo ya jamvi kuukuu lililokuwa limeegemezwa ukutani. Palikuwa na vifukofuko vidogo vyeupe, vingi havina hesabu, na vilivyo vingi vilikuwa vitupu.

"Kiwavi akishiba," akatuambia, "huacha chakula, akapanda ukutani kutafuta ufa, akajifumia kifukofuko chake. Vitupu hivi ni vya nondo waliokwisha kuruka. Tangu yai mpaka nondo arukaye, kwa joto letu hili, ni kiasi cha mwezi mmoja. Gunia la mama yule lina wiki tano humu. Vifuko hivi vina vumbi la miezi. Maalim, nondo ndio wenyeji, gunia ndilo lililokuwa mgeni."

Tulinyamaza kwa muda. Kisha tukamuuliza lililotushangaza: ikiwa nondo walikuwa na debe lao na tende zao, wa nini gunia lililoshonwa, tena katika giza, na walilijuaje?

"Kwa harufu," akasema.

Ili tuone kwa macho yetu, alituomba mabakuli matatu na vipande vitatu vya kaniki. Bakuli la kwanza aliliacha tupu. La pili alilitia unga. La tatu alilitia unga na tende zilizopondwa. Yote matatu aliyafunika kaniki, akaivuta ikakaza, akaifunga kwa uzi. Akayaweka ghalani mbali mbali. Baada ya masiku mawili tulizitoa zile kaniki uani penye jua, akatupa miwani yake ya kukuzia. Juu ya nguo nyeusi mayai ya nondo huonekana kama chembe za chumvi. Kwenye kaniki ya bakuli tupu tuliyaona matatu, maana nondo naye hukosea. Kwenye ya unga yalikuwa mengi. Na kwenye ile ya unga na tende watoto walihesabu mpaka wakagombana. Hakuna nondo hata mmoja aliyeweza kukigusa kile chakula. Kilichopenya kaniki ni harufu tu, na harufu ilitosha.

Baadaye tulisomewa kwamba jambo hili si geni. Mwaka 1668 tabibu mmoja wa mji wa Florence katika Italia, Francesco Redi, alichapisha kitabu kuwakanusha waliodai kwamba nyama iliyooza huzaa funza kwa nafsi yake. Alitia nyama katika vyombo, vingine akaviacha wazi, na vingine akavifunika kitambaa chembamba. Katika vile vilivyo wazi funza walijaa. Katika vilivyofunikwa nyama haikupata funza, bali nzi walivutwa na harufu wakaja kutaga juu ya kitambaa. Miaka zaidi ya mia tatu na hamsini imepita, na huku mitaani bado twasikia watu wakisema unga ukikaa huzaa wadudu. Unga hauzai. Unga huita.

Sasa na tuwaeleze huyu aitwaye. Katika maghala ya nchi za joto mmoja wa nondo waonekanao sana ni yule ambaye wataalamu humwita Ephestia cautella, mpenda tende, njugu, kakao, chenga za mchele na unga. Mabawa yake ni ya kijivu, na akiyakunjua hayazidi sana sentimita mbili kutoka ncha hata ncha. Ana binamu yake, Plodia interpunctella, ambaye sehemu ya bawa iliyo karibu na mwili ni nyeupe-nyeupe na iliyobaki ni ya rangi ya shaba. Huyu wa pili Waingereza humwita nondo wa unga wa Kihindi, na wengi hudhani ametoka Bara Hindi. La. Mwaka 1856 Asa Fitch, mtaalamu wa wadudu wa jimbo la New York, alimwandika kuwa mharibifu wa unga wa mahindi, na mahindi kwao wakati ule yaliitwa nafaka ya Wahindi, maana yake wale Wahindi Wekundu, wenyeji wa Marekani. Basi Bara Hindi limesingiziwa bure. Wala sisi tusiwacheke, kwani nafaka hiyo hiyo iliyotoka Marekani twaiita mahindi.

Nondo arukaye hali nafaka. Maisha yake ya mabawa ni wiki moja au mbili, na kazi zake ndani yake ni mbili tu, kupata mwenzake na kutaga. Jike mmoja aweza kutaga mayai mia mbili na zaidi, na mengi huyataga katika siku chache za kwanza. Kiwavi atokaye katika yai ni mwembamba kama kipande cha unywele, hana nguvu ya kusafiri mbali, na asipokuta chakula karibu hufa. Kwa hiyo mama yake hana budi kumweka mlangoni pa chakula, na mlango huo autafute magharibi na usiku, wakati macho hayamfikishi mbali. Kimwongozacho ni papasi zake mbili, zile nyuzi ndefu za kichwani, ambazo kwake ndizo pua.

Harufu itokayo katika chakula haisimami mahali pamoja. Hewa huichukua vipande vipande, kama moshi wa udi utokao chetezoni na kupepea sebuleni. Jike akikutana na kipande cha harufu hiyo hugeuka, akaruka kuelekea upande upepo utokako. Akiipoteza huyumba kulia na kushoto mpaka aipate tena, na hivyo hivyo mpaka afike. Punje nzima iliyo kavu ina ganda, na ganda ni kama kifuniko, harufu yake ni ndogo. Ikivunjwa au ikisagwa, mafuta ya kiini hukutana na hewa, na harufu ikaenea. Dalili hiyo haimdanganyi mama nondo, kwani mwanawe mchanga hana meno ya kutoboa punje ngumu; yeye ataka chenga, pumba na unga. (Yuko nondo mwingine, Sitotroga cerealella, ambaye kiwavi wake huingia ndani ya punje nzima ya mahindi akakaa humo. Habari zake ni mbali na hizi.)

Wenye jamaa zao Ulaya huenda wamekwisha kuona vile vitego vya karatasi yenye gundi, vinavyotundikwa kabatini na kunasa nondo. Asili yake ni hii. Mwaka 1971 makundi mawili ya wataalamu yalitangaza kwamba yameitambua harufu ambayo jike wa Ephestia na jike wa Plodia huitoa kumwita dume, na kwamba aina zote mbili hutumia harufu moja. Harufu za namna hii huitwa feromoni, na leo hii hutengenezwa viwandani ikatiwa katika vitego. Lakini na tuangalie: anayenaswa ni dume. Jike aliyekwisha kupata dume hana haja na wito ule. Yeye sasa asikiliza wito wa chakula. Mtu aweza kufurahia kitego kilichojaa madume, na nyuma ya kitego jike mmoja yumo katika unga, ataga.

Katika Chuo Kikuu cha Lund, nchini Sweden, wataalamu walishughulika na jambo hili kwa kuwa nondo hawa huwasumbua sana watengenezaji wa chokoleti. Katika kazi waliyoitoa mwaka 2005 waliwapeperushia nondo harufu za chokoleti kwa upepo uliopimwa, na majike waliokwisha kupata madume wakaruka kuikabili. Walipozichambua harufu zile moja moja, wakakuta miongoni mwa zinazosikiwa na papasi za nondo imo ile vanila ya kutengenezwa, tuitiayo katika keki. Tuliposomewa hayo tulikumbuka kwamba katika ghala letu, juu ya rafu, palikuwa na pakiti ya unga wa vanila iliyofunguliwa tangu Idi ya mwaka uliopita. Hatudai kwamba hiyo ndiyo iliyoleta balaa, debe lilitosha.

Na debe lilikuwa baya kwa sababu nyingine ambayo sisi hatukuidhania kabisa. Viwavi wa nondo hawa wana tezi karibu na taya, na wanapokutana hutoa mafuta yenye harufu yake mbali. Sarah Corbet, Mwingereza, alimchunguza nondo wa unga, Ephestia kuehniella, na mwaka 1973 akaeleza kwamba harufu ya mafuta hayo, ikiwa ni ya viwavi wasiosongamana, humtia jike hamu ya kutaga papo hapo. Wakiwa wamesongamana kupita kiasi, hamu hupungua. Mwaka 1994 Phillips na Strand nao waliandika juu ya Plodia, kwamba jike hufuata harufu ya chakula na ya viwavi pia. Basi chakula kilichokwisha kuingiliwa huita kuliko kilicho safi, na kila anayeitika huongeza sauti ya mwito, mpaka mahali pajae, ndipo majike waanze kutafuta pengine. Kwetu sisi hapo pengine palikuwa ni gunia la mjane.

Wanafunzi wetu walipenda zaidi habari ya nyigu. Yuko nyigu mwembamba, mdogo, aitwaye Venturia canescens, ambaye hutaga yai lake ndani ya mwili wa kiwavi wa nondo, na mtoto wa nyigu humla kiwavi kutoka ndani. Kiwavi amejificha ndani ya unga, haonekani. Lakini yale mafuta ya taya zake yametapakaa alimopita, na bibi Corbet huyo huyo alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1971 kwamba nyigu akikutana nayo huanza kuchomachoma unga kwa mwiba wake wa kutagia, mpaka ampate. Siri yake kiwavi huitoa kwa kinywa chake mwenyewe. Mtoto mmoja akatuuliza kama nyigu hao hupatikana sokoni.

Hapa akina mama watasema: tumesikia, tufanyeje? Wazee wetu wa mashambani walitundika mahindi darini juu ya meko, na moshi ule ulikausha nafaka na kuwasumbua wadudu. Wengine huchanganya majani makavu ya mwarobaini kati ya punje, na mti huo kweli una dawa inayowakera wadudu wengi. Haya yafaa kwa punje. Unga wa maandazi hautiwi moshi wala mwarobaini.

Sisi tulianza na kazi iliyo chungu, nayo ni kutupa. Unga wa debe, tende zilizobaki, njugu kuukuu, vyote vilizikwa mbali na nyumba, na jamvi likachomwa. Rafu zilitolewa nje, nyufa zikapigwa brashi na kusafishwa kwa maji ya moto, kisha zikazibwa. Kijana wetu alisisitiza nyufa kuliko sakafu, kwa kuwa vifukofuko vikiachwa, nondo wapya watatoka na kazi yote imepotea. Tulitaka kupuliza dawa ya mbu akatukataza kuipuliza palipo na chakula. Akatuonya pia juu ya vile vidonge vya kufukizia maghala makubwa, vinavyotoa gesi ya fosfini: gesi hiyo huua mtu, na kidonge chake hakina mahali katika nyumba wanamolala watoto. Twaliandika neno hili kwa uzito, kwa sababu vidonge hivyo watu huuziana mkononi.

Kisha tukanunua ndoo zenye vifuniko vya kubana. Tulikuwa twadhani mfuko wa nailoni watosha. Hautoshi. Ule mwembamba viwavi huutoboa, na mfuko uliofungwa kwa fundo una matundu ambayo sisi hatuyaoni, lakini kiwavi aliyeanguliwa leo huyaona kama malango. Gunia la kushonwa ndilo dhaifu zaidi, kila tundu la sindano ni njia ya harufu kutoka na ya kiwavi kuingia. Unga na tende tukaviweka katika ndoo, viungo na njugu katika chupa za kioo, na kila chombo tukakiandika tarehe, ili kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Haturuhusu tena unga mpya kumiminwa juu ya uliobaki. Mwenye kuhifadhi mahindi au kunde kwa wingi, iko mifuko ya tabaka tatu, mbili za ndani za plastiki nzito na ya nje gunia. Ikijazwa nafaka iliyokauka na kufungwa sawasawa, wadudu waliomo huimaliza hewa wakafa. Na mwenye friza aweza kuuweka unga mpya katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne au wiki moja, ili kuua mayai yaliyotangulia kuingia, kisha auache uliofungwa vile vile mpaka upoe baridi yake, usije ukatoka jasho.

Walituuliza wengine hukumu ya kuula unga ulioingiwa na wadudu. Hilo ni la masheikh wenye elimu ya fiqhi, nao tuwaulize.

Lililobaki ni lile gumu. Maneno yetu tuliyasema mbele ya watu, na haikutufalia kuyafuta chemba. Siku ya tatu ya Ramadhani, baada ya Alasiri, tulikwenda kwa yule mama pamoja na mzee wa msikiti na wanafunzi wakubwa waliokuwapo siku ile. Tulimkuta uani, anageuza vitumbua vya watu wa kufuturu. Tulikataa kukaa. Tulimweleza habari ya debe letu, na vifukofuko vya darini, na kaniki tatu. Tukamwambia kwamba unga wake uliingia kwetu mzima, na kwamba sisi ndio tuliouweka penye harufu mbaya zetu, kisha tukamtia yeye doa. Tukamtaka radhi. Mzee wa msikiti naye akamtaka radhi, kwa kuwa siku ile alisikia akanyamaza.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Maalim, yamekwisha," bila ya kuinua macho kutoka kikaangoni. Akatufungia vitumbua kumi vya watoto, na hakukubali kulipwa.

Miaka kadhaa imepita tangu hapo. Ghala letu halijaona utando tena, ila mara moja katika pakiti ya tambi tuliyoisahau. Rajabu ikiingia, yule mama bado huleta unga wake, nasi huumimina katika ndoo mbele ya macho yake na kukibana kifuniko. Gunia lake siku hizi huja na kipande cha karatasi kilichobanwa kwa pini juu ya mshono. Ni risiti ya duka, ya siku ile ile. Tumemwambia mara nyingi kwamba hapana haja. Hutujibu kwa adabu, "Ni kawaida tu, Maalim," na mwaka wa pili yake risiti huwa ipo pale pale.